Maneno Elfu Thelathini Ndani ya Eda

Siku Sada alipowaambia wanawake wenzake kwamba anaandika riwaya, na kwamba ataimaliza kabla hajatoka eda, Hajra alicheka mpaka ukili ukamponyoka mkononi. Hajra ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mdomo wake hauna breki, lakini ni mtu wa watu. Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza:

"Riwaya ya nini tena, Sada? Mtu na msiba wake?"

"Ya mapenzi."

"Toba!"

"Ya mtu na mkewe. Inaanza harusini, inaishia mazikoni. Haya, okota ukili wako, mkeka wenyewe tangu Mfungo Sita hauishi."

Msiba ulikuwa wa mumewe, Bwanausi, fundi baiskeli wa pale Zinga, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa akitembea na spana mfukoni hata akienda msikitini. Alifariki tarehe ishirini Julai, hospitalini, baada ya kulazwa siku mbili. Tangu hapo Sada akakaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila hina, bila nguo ya kupendeza, na bila kuvuka kizingiti ila kwa dharura. Nyumba haikukosa watu. Asubuhi huyu kaleta uji, adhuhuri yule kaleta mchuzi, na alasiri wanawake wanne watano walikuja na ukili wao wa mikeka, wakakaa ukumbini kusuka na kupiga soga ili mjane asibaki peke yake na mawazo.

Lakini kati ya uji wa asubuhi na soga za alasiri kuna saa nyingi sana, jamani. Sada hakuwahi kuwa na saa nyingi katika maisha yake yote ya miaka hamsini na mitatu. Alizaa watoto watano, akalima, akakaanga vitumbua miaka kumi na minane, akauguza mama yake na mama mkwe wake. Mara mbili katika ujana wake alianza kuandika hadithi kwenye daftari, na mara mbili maisha yakamnyang'anya kalamu. Sasa hana pa kwenda, hana cha kukaanga, kufagia kwenyewe wanamkataza. Alikaa kitandani akatazama mikono yake na kuona haya nayo, imekaa tu mapajani haina kazi.

Aliyemletea jambo lenyewe ni Mwanaasha, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga chumba cha uani. Binti mpole, mwembamba, kila saa yuko na simu. Mwishoni mwa Oktoba aliingia kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka na simu?"

Mwanaasha akamweleza. Kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili huko Bagamoyo mjini, anaitwa Mikdad, ameanzisha kundi la wasapu. Wanajiita Riwaya kwa Mwezi. Kuanzia tarehe mosi Novemba hadi tarehe thelathini, kila mmoja anaandika maneno elfu moja kwa siku, na mwezi ukiisha ana maneno elfu thelathini, yaani kitabu. Hakuna zawadi wala kumhukumu mtu. Kila alasiri unatuma hesabu yako ya siku, wenzako wanakupongeza. Ukilala, wanakuamsha. Wamo watu wa kila namna, hata muuguzi wa Msata na dereva mmoja wa lori anayeandika gari likiwa kwenye foleni ya mizani.

Sada alisikiliza, akanyanyua macho kwenye kalenda ya ukutani. Akahesabu kwa vidole. Ishirini Julai, ishirini Agosti, ishirini Septemba, ishirini Oktoba, ishirini Novemba. Hiyo minne. Ongeza siku kumi. Thelathini Novemba.

"Subhanallah," akasema. "Mwanaasha, eda yangu na mashindano yenu yanaisha siku moja."

Aliona ni kama amefunguliwa mlango na kuambiwa pita. Jioni ile ile Mwanaasha alimnunulia daftari mbili kubwa za jalada gumu na kalamu sita za wino wa buluu.

Asubuhi ya tarehe mosi, baada ya Swala ya Alfajiri, Sada alikaa sakafuni, daftari juu ya stuli, akaandika. Hakuwa na kompyuta, na kwenye simu vidole vyake vilikuwa vinene mno. Alitafuta namna yake ya kuhesabu: mstari mmoja maneno tisa, ukurasa mmoja mistari ishirini na minane, kwa hiyo kurasa nne ni elfu moja na kidogo cha mchuzi. Kurasa nne kwa siku. Alasiri Mwanaasha akirudi shule anatuma hesabu kundini, naye Mikdad anajibu kwa sauti yake nzito: "Hongera, Bi Sada wa Zinga! Leo umetuburuza." Wengine wanafuatia na makofi. Sada husikiliza ujumbe huo mara tatu, wallahi, kisha hujifanya hajali.

Na wanawake wa ukili nao wakawa kundi la pili. Hajra yule yule aliyecheka ndiye aliyesema siku ya tatu, "Haya, tusomee hicho kitu chako, midomo imechoka kusengenya." Sada akasoma. Mume kwenye hadithi alimpa jina Abdillah, mke hakumpa jina, alimwita mke tu. Aliposoma jinsi Abdillah alivyokuja kuposa na baiskeli isiyo na kiti, akakanyaga pedali wima kutoka Bagamoyo hadi Zinga kwa aibu ya kuonekana anatembea, wanawake walipiga vigelegele. Kila mtu alimjua Abdillah ni nani. Hakuna aliyesema.

Kuanzia hapo walimlinda. Mtu akija asubuhi kusalimia, Hajra anamkamata mlangoni: "Mwandishi yumo kazini, njoo alasiri." Watoto wa mtaa wakikaribia na mpira wanatimuliwa kama kuku. Mwanvita wa duka alimpelekea betri za taa bila kuombwa. Sada alikuwa akisikia yote hayo akiwa ndani, anacheka peke yake, na kalamu inakwenda.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Kuruthumu, wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ametoka Ubena kuja kumkalisha eda. Mwanamke wa miaka sabini, mgongo umenyooka, maneno machache. Yeye ndiye aliyemlea Bwanausi baada ya mama yao kuondoka, alimbeba mgongoni naye mwenyewe mtoto. Kila Sada akifungua daftari alasiri, Kuruthumu alikusanya ukili wake, akatoka kwenda kukaa jikoni uani.

"Wifi, kaa basi usikilize," Sada alimwambia siku moja.

"Nimesikia vya kutosha. Watu wana maiti yao hajapoa kaburini, wewe unahesabu maneno."

Sada aliinama juu ya daftari. Maneno yale yalimchoma, lakini hakujibu, kwa sababu baina yake na Kuruthumu palikuwa na jambo lililokaa tangu Julai, na kila mmoja alilipita pembeni.

Jambo lenyewe ni hili. Bwanausi alipokata roho, aliyekuwa kitandani pake ni Kuruthumu. Sada hakuwapo. Alikaa naye siku mbili usiku na mchana, akimpangusa jasho, akimgeuza, na asubuhi ile Hajra akapiga simu kwamba yuko getini na uji. Sada akashuka kuupokea. Pale getini Hajra, mdomo wake, akamsimulia jinsi mbuzi wa imamu alivyoingia dukani kwa Mwanvita akala fungu zima la bahasha. Sada akacheka. Baada ya siku mbili za kubana pumzi, alicheka kwa nguvu, akashika nguzo ya geti, akacheka mpaka mbavu zikauma. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Aliporudi wodini na uji, Kuruthumu alikuwa ameshamfumba ndugu yake macho.

Hakuwahi kumwambia mtu alichokuwa akifanya pale getini. Hajra anajua, naye hakuwahi kulitaja. Na Kuruthumu hakuwahi kueleza ndugu yake alikwendaje, na Sada hakuwahi kumuuliza. Angeulizaje? Alijiona ni mke aliyekuwa anacheka mumewe anakufa.

Kwa hiyo tatizo la riwaya likaja kujitokeza polepole. Hadithi ilitakiwa kuishia mazikoni, aliahidi mwenyewe. Sura ya kumi na nne Abdillah akaugua. Sura ya kumi na tano akapata nafuu. Sura ya kumi na sita akaenda Ubena kwenye harusi ya mpwa wake, akacheza ngoma. Akarudi, homa ikampanda. Ikashuka. Akamtengenezea mzee mmoja kiti cha magurudumu, kurasa tisa za kiti cha magurudumu, spoku kwa spoku. Akaugua tena. Wanawake wakaanza kutazamana.

"Sada," akasema Hajra tarehe kumi na tisa, "huyu bwana hafi?"

"Atakufa."

"Lini? Maana juzi tulishaanza kumlilia, jana unamlisha pweza."

Wote wakacheka, na Sada akacheka pia. Lakini aliingia chumbani akakaa na daftari, akaandika "Asubuhi ile", akakata. Akaandika tena, akakata. Hakujua asubuhi ile ilikuwaje. Angeweza kubuni, alibuni mengi, hata harusi ya Ubena hakuiona kwa macho. Hili mkono ulikataa. Alijiambia siku bado zipo, thelathini ni mbali.

Basi tarehe ishirini na mbili, Jumanne, Kuruthumu akaingia chumbani na fungu la majani ya hina.

"Hina hii nimeagiza kwa Hajra, na doti mpya ya kanga iko kwa fundi inapindwa. Pilau watapika hapa uani. Ridhiwani nimemwambia aje na gari Jumamosi baada ya Adhuhuri, akuchukue."

Ridhiwani ni mtoto mkubwa wa Sada, ana mgahawa wa wasafiri kule Msata, mke wake amejifungua mapacha. Ilishakubaliwa zamani kwamba mama akitoka eda ataenda kukaa kwao kusaidia.

"Jumamosi gani, wifi?"

"Hii."

"Hii si ishirini na sita? Eda inaisha thelathini. Nimehesabu."

Kuruthumu akamtazama, akaitazama kalenda ya ukutani yenye picha ya trekta, akaelewa.

"Sada. Umehesabu eda kwa kalenda ya wakulima?"

Sada naye akaitazama kalenda. Hata mtoto wa madrasa anajua: eda ni kwa mwezi mwandamo. Mwezi mmoja ishirini na tisa, mwingine thelathini, hata siku moja si thelathini na moja. Yeye mwenyewe alihesabu hivyo eda ya mama yake, alihesabu ya mama mkwe wake, hakukosea. Ya kwake aliihesabu kwa kalenda ya ukutani kwa sababu alitaka iangukie thelathini, akaona thelathini. Hata hivyo alimpigia simu Maalim Sharifu wa madrasa, akitumaini miujiza. Maalim akapiga hesabu zake taratibu, akasema: "Siku mia na ishirini na nane, mama. Ijumaa jua likizama umemaliza. Hongera kwa subira yako."

Siku nne zimekwenda hivi hivi. Sada aliketi kitandani, daftari mapajani.

Na usione siku nne ni kitu kidogo. Sada aliijua nafsi yake, na aliijua nyumba ya Ridhiwani: mapacha wawili, mgahawa unaofunguliwa kabla ya jua, mabasi yanapiga honi, kila mtu anaita mama, mama. Akivuka kizingiti hiki na kitabu hakijaisha, hakiishi tena. Kitakuwa cha tatu. Na akishindwa cha tatu hatajaribu cha nne, umri nao una mwisho.

Alasiri Mwanaasha akawaeleza kundini. Ujumbe ulimiminika. Muuguzi wa Msata alisema amesimamisha riwaya yake yeye mpaka Bi Sada afike, kila akipata nafasi atamtumia neno la kumtia nguvu. Mikdad akasema kwa sauti yake: "Bi Sada, tumeingia wote, tutoke wote. Tutumie hesabu kila saa ukitaka, sisi tupo."

Wakawa wapo, kweli. Jumatano aliandika kurasa kumi. Alhamisi kumi. Ijumaa tisa. Lakini zilikuwa kurasa za nini? Abdillah alikuwa amelala kitandani hospitalini, mkewe anampangusa jasho, na Sada anaeleza shuka, anaeleza feni, anaeleza mgonjwa wa kitanda cha pili na redio yake. Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya eda, hesabu ilikuwa maneno elfu ishirini na tisa na mia tatu. Yamebaki mia saba. Kurasa tatu tu. Na kurasa zile tatu ndizo zenye kifo.

Jumamosi wanawake walianza kuingia tangu saa mbili asubuhi. Walimwogesha, wakamvika gauni jipya na kanga mpya juu yake, wakamfukiza udi. Alikuwa amesahau harufu ya udi, ilimpanda kichwani akaona kizunguzungu. Kisha Kuruthumu mwenyewe akaketi mbele yake na bakuli la hina.

"Wifi, mikono niachie," Sada akasema. "Nimebakiza kidogo. Nipake miguu tu."

"Hutoki eda ya ndugu yangu mikono mitupu. Lete."

Na nikueleze ukweli wa Sada, maana yeye mwenyewe aliukiri baadaye: alipotoa mikono, alisikia raha. Hina ikishapakwa na kufungwa kwa vitambaa, mkono haushiki kalamu mpaka Adhuhuri, na Adhuhuri Ridhiwani atakuwa mlangoni. Haikuwa tena kosa lake. Ni mila imezuia, angesema. Alitazama viganja vyake vinavyofunikwa na ule utope wa kijani, akaona kitabu kinakwenda zake, na hakukizuia.

Mwanaasha ndiye aliyeharibu mpango. Aliingia na daftari, akaona mikono imefungwa, akasimama. Kisha akaketi chini, akafunua ukurasa mtupu.

"Mama, sema. Mimi naandika."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Si ndio hao hao unaowasomea?" Hajra akadakia. "Sema bwana, tumemngoja mwezi mzima huyu mtu afe."

Wakacheka. Sada akatazama mlangoni, lakini utakwenda wapi na mikono imefungwa na miguu inakauka hina? Akavuta pumzi.

"Andika. Asubuhi ile jasho lilikauka, mke akadhani ni nafuu."

Kalamu ikakwaruza. Ukumbi ukatulia, ukili ukasimama mikononi.

"Akaitwa getini kupokea uji. Akashuka." Sauti iliyotoka baada ya hapo ilikuwa ndogo. "Pale getini alisimuliwa kichekesho, naye akacheka. Akacheka sana. Mumewe alikuwa anakufa juu, na yeye alikuwa getini anacheka. Andika hivyo hivyo, Mwanaasha, usibadilishe."

Hajra aliinamisha kichwa, akaanza kulia bila sauti. Hakuna aliyemtazama.

"Na kule juu?" Mwanaasha akauliza taratibu.

"Kule juu sijui. Sikuwapo." Machozi yalikuwa yanamtiririka Sada na hana mkono wa kuyafuta. "Ndiyo maana siwezi kumaliza. Sijui alikwendaje. Sijui kama alinitafuta akaona nimemwacha."

Kuruthumu bado alikuwa ameketi mbele yake, bakuli la hina mapajani, vidole kijani. Hakunyanyuka kwenda jikoni. Akasema, akiwa analitazama bakuli:

"Dirisha lilikuwa wazi."

Watu wote wakamgeukia.

"Ile wodi inatazama getini. Tulikusikia. Mimi nilikusikia, nikapandwa na hasira, nikainuka niende dirishani nikuite, nikutukane. Nikawaza, mwanamke gani huyu? Yeye akanishika nguo. Hakuwa na nguvu, lakini alinishika. Akaniuliza, 'Yule si Sada anacheka?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Siku mbili hajacheka. Muache acheke, nitamngoja.'"

Sada alitoa sauti, siyo neno.

"Basi akafumba macho, akawa anasikiliza. Nikamsomea shahada sikioni, akaifuata yote, midomo ilikuwa inakwenda. Na uso ulikuwa unacheka, Sada. Mimi ndiye niliyemlea. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Na yeye sikio lake liko dirishani kwako." Kuruthumu akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, hina ikamwachia alama shavuni. "Nilikuonea wivu. Nikasema hili nitazikwa nalo. Miezi minne nakutazama unakonda, na nimelifunga mdomoni. Nisamehe, wifi yangu."

Sada hakuweza kumkumbatia kwa mikono ile. Alimwinamia akamwekea kichwa begani, na yule bibi akamshika shingo kwa nguvu, hina na yote, kanga mpya ikaharibika pale pale. Walilia wote wawili kama watoto, na wanawake wakawaacha walie. Nje gari la Ridhiwani likasimama, akapiga honi. Hajra akatoka kwenda kumwambia azime injini, mama yake yumo kazini.

Baadaye Sada akakaa sawa. Mwanaasha alimfuta uso, akarudi kwenye daftari. Sada akaendelea kusema, taratibu, sentensi kwa sentensi: dirisha, mkono ulioshika nguo, swali na jibu lake. Akikwama, anamtazama Kuruthumu, na Kuruthumu anasema ilivyokuwa, na Mwanaasha anaandika. Walipofika kwenye shahada, wanawake waliitamka pamoja bila kuambiwa.

"Tumefika maneno mangapi?" Mwanvita akanong'ona.

"Nyamaza wewe," akasema Kuruthumu. "Aliyekuambia uhesabu nani? Haya, wifi. Malizia."

Sada akafumba macho kidogo.

"Andika. Akafa anamsikiliza mkewe anacheka. Weka nukta."